Kandarasi ndogo kwenye ujenzi mkubwa wa serikali hapa Lubumbashi: kazi inatafutwa kabla mashine hazijaanza kuchimba

Kapita wa Kampemba (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, pamoja na wale wa Likasi, Kipushi na Kasumbalesa mnaotusoma, nawasalimu.

Kila barabara inapoanza kuchimbwa mjini, au shule inapoanza kujengwa kwa fedha za serikali, mafundi na wenye kampuni ndogo hujipanga kwenye lango la shantie (eneo la ujenzi) wakiwa na bahasha mkononi, wakimtafuta msimamizi ambaye siku zote huwa ametoka. Maoni yangu, baada ya kufanya kazi miaka mingi chini ya wakandarasi wakubwa, ni kwamba anayefika langoni wakati mashine zimekwisha kushushwa amechelewa kwa miezi. Kazi zilizobaki hapo ni za tasheroni: unapimiwa mita kadhaa za mfereji, unalipwa mkononi mwisho wa juma, na jina la kampuni yako haliandikwi popote. Kandarasi ndogo ya kweli, yaani sehemu ya kazi ambayo mkandarasi mkuu anaikabidhi kampuni yako kwa mkataba, hutafutwa wakati mkandarasi mkuu bado anapanga bei zake, na huthibitishwa kwa karatasi ambayo mwenye mradi, yaani ofisi ya serikali inayotoa kazi, ameiona na kuikubali.

Nitaanza na sheria, kwa sababu hapa Haut-Katanga tumezoea kuzichanganya mbili. Ile inayotajwa sana ni sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, inayohusu kandarasi ndogo katika sekta ya binafsi. Tunaifahamu kwa sababu ya migodi. Ndiyo inayosema kwamba kazi hizo ni za kampuni zenye mtaji ambao sehemu yake kubwa ni ya Wakongomani, ndiyo inayosimamiwa na ARSP, mamlaka ya kudhibiti kandarasi ndogo katika sekta ya binafsi, na ndiyo inayomtaka mkandarasi mkuu atoe malipo ya awali yasiyopungua asilimia 30 kabla kazi haijaanza. Lakini barabara ya Office des Routes (shirika la serikali la barabara), mfereji wa OVD (shirika la barabara za mjini na mifereji) au jengo la wizara ni kandarasi ya umma, na kandarasi ya umma ina sheria yake, namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Hiyo ndiyo inayomruhusu mshindi wa zabuni ya ujenzi kuwakabidhi wengine sehemu ya kazi hadi asilimia 40 ya thamani yake, akitanguliza kampuni ndogo na za kati za Kongo, kwa sharti kwamba mwenye mradi amemkubali kila anayekabidhiwa na ameidhinisha masharti ya malipo yake. Kuikabidhi kandarasi nzima kwa mtu mwingine hairuhusiwi.

Sharti hilo la kukubaliwa na mwenye mradi ndilo ambalo wengi wetu hulipita bila kuliangalia. Kampuni iliyokubaliwa kwa maandishi inajulikana: kazi yake inapimwa ikiwa na jina lake, mhandisi wa ofisi ya udhibiti, inayokagua kazi kwa niaba ya mwenye mradi, anaitambua, na inaweza kudai kwamba namna ya kulipwa kwake iwekwe wazi tangu mwanzo. Kampuni isiyokubaliwa inamdai mtu mmoja tu, yaani mkandarasi mkuu, na siku mkandarasi huyo akiondoa mitambo yake usiku, hakuna ofisi itakayokusikiliza, kwa sababu kwao hukuwahi kuwepo. Nimeyaona hayo kwenye kazi ya mawe ambayo kampuni yangu iliikamilisha vizuri kabisa. Mwenye mradi alisifu ukuta, kisha akaniuliza mimi ni nani.

Sasa, mkandarasi anayeandaa zabuni unampata wapi? Matangazo ya zabuni hutolewa na kitengo cha kusimamia miradi na kandarasi za umma, kinachoitwa CGPMP, ambacho kila wizara, mkoa na shirika la umma linatakiwa kuwa nacho. Yasome hata kama kazi yenyewe imekuzidi mara mia, kwa sababu hukusudii kuomba zabuni hiyo. Unataka kujua nani ataiomba. Zabuni kubwa za ujenzi mara nyingi huwa na siku ya kutembelea eneo la kazi. Nenda siku hiyo. Wanaokuja na viatu vya vumbi na daftari ndio watakaoandika bei, na wengi wao, hasa wanaotoka Kinshasa au nje ya nchi, hawajui mawe ya hapa yanatoka wapi, lori la mchanga linakodishwa kwa bei gani, wala njia ya Kasenga inakuwaje mwezi wa pili. Wewe unajua. Mpe bei iliyoandikwa, yenye muhuri na tarehe ambayo bei hiyo itaisha, aiingize kwenye hesabu zake, na umwombe akutaje ndani ya zabuni yenyewe kama kampuni atakayoikabidhi sehemu fulani. Akishinda akiwa amekutaja, hawezi kukuacha kwa urahisi bila kumweleza mwenye mradi sababu.

Ukiikosa siku hiyo, ipo nafasi ya pili: bahasha za zabuni hufunguliwa mbele ya watu, na majina pamoja na bei husomwa kwa sauti. Kaa nyuma, andika. Kati ya siku hiyo na siku ya kutia saini hupita majuma mengi, na wale wawili au watatu wenye bei za chini wanakuwa na kila sababu ya kutafuta watu wa kuwapunguzia gharama.

Kuhusu unachompelekea, usiandike kwamba kampuni yako hufanya “ujenzi wa aina zote”. Mkandarasi mkuu anayo mitambo ya kusawazisha udongo na kumwaga lami. Kwa hayo hakuhitaji wewe. Anachokichukia ni zile kazi ndogondogo zinazokula muda wa wahandisi wake: mifereji ya mawe, makalvati madogo, kingo za barabara, uzio, milango na madirisha ya chuma, rangi, kumwagia maji vumbi, chakula cha wafanyakazi, ulinzi wa usiku. Chagua moja au mbili ambazo umezifanya na unaweza kuzionyesha, na uandike uwezo wako kwa kipimo anachokielewa: mita ngapi za mfereji kwa juma, ukiwa na timu ngapi. Yeye anahesabu mvua. Hapa kwetu kazi ya udongo ina nafasi kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, na mfereji ambao haujakamilika ifikapo mwezi wa kumi na moja utabomolewa na maji. Kampuni inayoahidi tarehe na kuonyesha jinsi itakavyoitimiza ina thamani kuliko inayopunguza bei.

Bei yenyewe ndiyo inayotuua. Wengi hujumlisha saruji, mawe na mshahara wa siku, wakaongeza faida kidogo, wakatia saini. Wamesahau mchango wa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), mafuta, ukodishaji wa mashine ya zege siku ambazo hakuna kazi, fedha inayozuiwa kama dhamana, na riba ya miezi ya kungoja malipo. Wamesahau pia kanuni ya kazi ya mwaka 2002, ambayo inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimwajiri tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa ana mkataba usio na kikomo. Kwenye shantie ya miezi sita jambo hilo litawahusu karibu watu wako wote, na mkaguzi wa kazi akija, mkandarasi mkuu ataelekeza kidole kwako.

Njia moja ya kupunguza mzigo ni kukubaliana kwamba saruji na nondo zinunuliwe na mkandarasi mkuu mwenyewe, nawe ubaki na mawe, mchanga na ufundi. Faida yako itapungua kwenye karatasi. Lakini saruji yetu nyingi huja kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na mpaka ukifungwa kwa siku chache bei hupanda hapo hapo. Afadhali hasara hiyo iwe ya mwenye mtaji.

Karibuni mchangie, hasa wenye uzoefu wa mashirika ya serikali.

---

Mama Chuma, Katuba

Mkubwa, asante kwa maelezo. Nina karakana ya kuchomelea vyuma, tunatengeneza milango, madirisha na uzio. Ninayo RCCM (namba ya daftari la biashara), ninayo namba ya utambulisho wa taifa na namba ya kodi. Mwaka uliopita mkandarasi mmoja alipenda sana kazi yangu, akaniita, halafu akanitaka cheti cha DGI, yaani ofisi ya kodi, cha kuonyesha kwamba sidaiwi kodi, na uthibitisho wa CNSS. Sikuwa navyo kwa wakati, kazi ikaenda kwa mwingine. Swali langu ni hili: kwa kampuni yenye watu saba, vyeti hivyo vyote vinahitajika kweli, au ni njia ya kutuondoa?

Jambo la pili ni gumu kidogo kulisema. Mwaka huo huo alinijia mgeni mwenye karakana kubwa kuliko yangu mara tano, akataka tuandikishe kampuni kwa jina langu, nimiliki asilimia 51 kwenye karatasi, yeye afanye kazi, nami nipokee kitu kila mwezi. Wenzangu wawili wamekubali mipango ya namna hiyo na wanaishi vizuri. Ninyi mnasemaje?

---

Kapita wa Kampemba

Mama, vyeti vinahitajika kweli, na sababu haitokani na mkandarasi peke yake. Yeye mwenyewe anatakiwa kupeleka jalada lako kwa mwenye mradi ili ukubaliwe, na jalada lenye upungufu litarudishwa kwake na kumchelewesha. Kwa hiyo atachagua mtu ambaye jalada lake limekamilika, hata kama milango yake si mizuri kama yako. Ushauri wangu ni kuviomba vyeti hivyo wakati huna zabuni yoyote mbele yako, na kuvihuisha kila vinapoisha muda, kama mwenye gari anavyohuisha bima. Ongeza barua za waliokwisha kupokea kazi zako: shule, parokia, kampuni yoyote, zikitaja ulichotengeneza, kiasi, na kwamba ulikamilisha. Kwa mkandarasi kutoka mbali, barua tatu za namna hiyo zina uzito kuliko katalogi ya rangi.

Kuhusu mgeni na asilimia 51, sitakuficha. Siku atakaposhindwa kulipa kodi, mwenye kampuni ni wewe. Siku fundi atakapoanguka kutoka juu ya paa, mwajiri ni wewe. Na kwa kuwa sheria ya 2017 inadai mtaji wa Wakongomani uwe wa kweli, kampuni ya jina tu ni kosa linalokungoja. Kama anayo mitambo na wewe unao mafundi na majalada safi, kodisha mitambo yake kwa mkataba wa kawaida. Akikataa mkataba huo, umeshajua alichokuwa akikitafuta.

---

Karani wa Kamalondo

Nashukuru kwa uzi huu ulioandikwa kwa utulivu, lakini naomba nirekebishe jambo moja na kuongeza jingine.

Mkuu ametenganisha sheria mbili kana kwamba kuna ukuta kati yake. Kwa maandishi ni kweli, ila kuna miradi inayosimama katikati. Barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, pamoja na daraja la mto Luapula la kutuunganisha na Zambia, ni mradi wa ubia kati ya serikali na kampuni binafsi, na ubia wa namna hiyo una sheria yake ya tarehe 9 Julai 2018. Mwekezaji anajenga, kisha anarudisha fedha zake kwa ushuru wa barabara. Katika mradi kama huo, anayewagawia wengine kazi ni kampuni binafsi, na sioni kwa nini aikwepe sheria ya 2017. Kwa hiyo kampuni ndogo iandikishwe ARSP kwa vyovyote, hata kama inalenga kazi za serikali peke yake. Kumbukeni pia kwamba chini ya sheria hiyo, kandarasi ndogo inayozidi faranga milioni 100 inatakiwa kupitia zabuni, kwa hiyo mkandarasi hawezi tu kumpa shemeji yake. Na miradi inayogharimiwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika hufuata kanuni za mfadhili. Ombeni nakala ya hati za zabuni mzisome kabla ya kusema sheria yetu inasema hivi au vile.

Ninaloongeza linahusu mkataba. Wakandarasi wengi huingiza kifungu kinachosema, “tutakulipa serikali itakapotulipa.” Mkitia saini kifungu hicho bila kikomo, mmeikopesha serikali ya Kongo bila riba. Dai angalau tarehe ya mwisho: siku kadhaa baada ya kazi yako kupimwa na kusainiwa, malipo yawe yameingia au hayajaingia kwa mkandarasi. Na usikubali kupimiwa kwa mdomo. Kila mwezi iwepo karatasi ya vipimo iliyosainiwa na kapita wako (kiongozi wa timu yako) na mhandisi wao, ikifuatwa na hesabu ya malipo iliyosainiwa na msimamizi wa shantie. Tangu nchi yetu ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, mwezi wa tisa mwaka 2012, deni linalotokana na mkataba, lenye kiasi kinachojulikana na lililofikia wakati wa kulipwa, linaweza kudaiwa mahakamani kwa utaratibu mfupi wa amri ya kulipa, na hapa Lubumbashi tunayo mahakama ya biashara. Jalada lenye saini hizo hakimu hulielewa haraka. Ukimpelekea picha za mfereji zilizoko kwenye simu, kesi itakula zaidi ya deni.

---

Kijana wa Ruashi

Wakubwa, mnazungumza na wenye karakana. Sisi ni waashi kumi na wanne, kila mmoja anafanya kivyake, tumejenga mifereji ya mawe kwenye barabara mbili za hapa mjini kama tasheroni. Kazi tunaijua. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukaa miezi miwili bila kulipwa, na benki haiwezi kutupa dhamana. Mlango wetu uko wapi?

---

Kapita wa Kampemba

Karani, nakubali kuhusu ARSP, na kifungu hicho cha malipo kinastahili kuwekwa mbele ya yote niliyoyaandika.

Kijana, swali lako ndilo gumu kuliko yote, na sina jibu la kukufurahisha. Ninyi kumi na wanne mkibaki mlivyo, mtaendelea kuwa tasheroni, hata mfereji wenu uwe mnyoofu namna gani, kwa sababu mwenye mradi hawezi kuwakubali watu kumi na wanne wasio na jalada. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuandikisha kampuni moja kupitia Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha kampuni, wachache miongoni mwenu wakiwa washirika na wengine mafundi wenye mkataba. Ya pili ni kila mmoja ajiandikishe peke yake, kisha muungane katika kundi la masilahi ya kiuchumi ambalo OHADA inalitambua. Mimi naipendelea ya kwanza. Katika kundi, wanachama huwajibika kwa madeni kwa mali zao wenyewe, na mmoja akitoroka na malipo ya awali, mtalipa ninyi waliobaki.

Kuhusu fedha, msianze kwa kuomba kandarasi inayohitaji dhamana ya benki. Mwombeni mkandarasi sehemu fupi, tuseme mita mia mbili, akiwapa mawe na saruji, nanyi mkitoa ufundi tu, malipo yakipimwa kila wiki mbili. Sharti lenu liwe moja: mkataba uandikwe kwa jina la kampuni, na barua ya kupokea kazi itolewe kwa jina hilo hilo. Mara ya kwanza mtapata kipato kile kile cha tasheroni, pengine pungufu kwa sababu mtalipa kodi. Mara ya tatu mtakuwa na jalada.

INPP ya hapa, taasisi ya serikali ya ufundi, hutoa mafunzo kwa mafundi, na mashirika ya waajiri kama FEC na COPEMECO hukutanisha kampuni ndogo na kubwa. Yana faida, lakini mkutano wa hotelini hauwezi kushika nafasi ya siku ile ya kutembelea eneo la kazi.

---

Mpimaji wa Bel-Air

Nimefanya kazi upande wa pili, katika ofisi ya udhibiti, kwa hiyo niseme kile ambacho wakandarasi hawawaambii. Hawapendi kuwatangaza kwa mwenye mradi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kikomo cha asilimia 40: wengine wameshakivuka kimyakimya. Ya pili ni kwamba mkitangazwa, bei mnayolipwa inajulikana, na tofauti kati yake na bei wanayolipwa wao na serikali inaonekana wazi. Nimeona mita ya mfereji ikilipwa kwa fundi chini ya nusu ya bei iliyoandikwa kwenye zabuni.

Kwa hiyo mkandarasi akikwambia, “hayo ya kukubaliwa tutayafanya baadaye,” usimgombeze, ila mwandikie barua ya heshima ukimkumbusha, na nakala ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Mhandisi wa udhibiti akipita, jitambulishe kwa jina la kampuni yako, na uombe vipimo vya sehemu yako vionekane kwenye daftari la shantie. Daftari hilo ni kumbukumbu rasmi ya kazi. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika humo jina la kampuni ndogo ambayo mkandarasi alikuwa hajaitangaza, na juma lililofuata jalada lake lililetwa ofisini.

---

Mama Chuma, Katuba

Nimeelewa kuhusu vyeti, na yule mgeni nitamjibu kesho. Nina swali la mwisho kwa Karani au kwa Mkubwa. Mkataba nilioonyeshwa ulisema asilimia kumi ya kila malipo itazuiwa hadi kazi ipokelewe kabisa. Kazi ya barabara na majengo yake inaweza kuchukua miaka miwili. Uzio wangu ukikamilika mwezi wa tatu, nitangoja miaka yote hiyo?

---

Karani wa Kamalondo

Mama, ukiuacha mkataba ulivyo, ndiyo, utangoja, kwa sababu kuna kupokelewa kwa muda na kupokelewa kwa mwisho, na kwa kawaida kati ya hizo mbili hupita kama mwaka mzima, ukihesabu tangu mradi wote ulipopokelewa. Omba mambo mawili kabla ya kutia saini. Kwanza, sehemu yako ipokelewe peke yake pindi inapokamilika, kwa hati yenye tarehe, na muda wa dhamana uhesabiwe tangu tarehe hiyo. Pili, nusu ya fedha iliyozuiwa irudishwe siku ya hati hiyo. Mkandarasi atalalamika kidogo kuhusu jambo la pili, na unaweza kumwachia likiwa ndilo linalokwamisha mazungumzo. La kwanza usiliachie, kwa sababu likikosekana, uzio uliokwisha kusimama utaendelea kuwa jukumu lako kila lori litakapougonga.